Neno unalotafutia ndilo ufunguo wa maktaba ya chuo kikuu

Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya kwanza wanapotakiwa kuandika mradi wa utafiti, wasimamizi wao husikia kilio kilekile: "Daktari, mada yangu haina marejeleo." Mwanafunzi ameketi mbele ya kompyuta ya maktaba, akaandika mada yake nzima jinsi alivyoiwasilisha katika pendekezo, akabofya, na skrini ikamrudishia sufuri. Kinachofuata twakijua. Kuna anayeitupa mada nzuri na kuchukua nyingine iliyochakaa. Kuna anayeelekea saiba kununua kazi ya mwenzake wa miaka iliyopita. Na siku hizi kuna anayeiomba akili unde imtungie orodha ya vitabu, iwe ni vitabu vilivyopo ama visivyokuwapo.

Makala haya yanashikilia kwamba mara nyingi marejeleo huwa yapo. Kilichokosekana ni neno la kuyatafutia. Ndiyo maana suala la kutumia maktaba, ambalo wengi huliona kuwa la wakutubi peke yao, ni suala la lugha vilevile.

Nitatumia Machakos kama kielelezo, kwa sababu mbili. Kwanza, Chuo Kikuu cha Machakos ni kichanga. Kilikua kutoka taasisi ya mafunzo ya kiufundi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka wa 2011, kisha kikapewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2016. Chuo cha umri huo hakiwezi kuwa na rafu zilizojazwa kwa nusu karne, kwa hiyo mwanafunzi wake anahitaji ustadi wa kutafuta kuliko yule aliyezungukwa na vitabu vya Maktaba ya Jomo Kenyatta katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Pili, Machakos yenyewe imeandikwa sana, kwa zaidi ya karne moja. Anayesema Machakos haina marejeleo bado hajajua imekuwa ikiitwa nani.

Mada moja, majina mengi

Tuchukue mwanafunzi anayetaka kuchunguza jinsi Kikamba kinavyoathiri matamshi ya Kiswahili katika shule za upili. Mada ina mashiko, maana Kikamba kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Anaandika: "Athari za Kikamba katika matamshi ya Kiswahili katika Kaunti ya Machakos." Anakosa. Hebu tuivunje mada hiyo vipande vipande.

Tuanze na "Kiswahili". Maktaba nyingi za vyuo vikuu nchini hufuata utaratibu wa kuainisha vitabu uliobuniwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika utaratibu huo kila kitabu hupewa vichwa vya mada, na vichwa hivyo viko kwa Kiingereza. Lugha yetu haiitwi "Kiswahili" humo, bali "Swahili language". Ushairi wetu ni "Swahili poetry". Kikamba nacho ni "Kamba language", bila kile kiambishi cha mwanzo ambacho sisi hatuwezi kukiacha. Katalogi haielewi maana, inalinganisha herufi tu. Ukiiandikia "Kikamba", itakuletea vitabu vyenye neno hilo katika jina au maelezo yake, na itaviacha vyote vilivyoandikwa "Kamba" au "Akamba". Kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili, la kwetu na la katalogi. Wataalamu wa isimu ya Kibantu wana jina la tatu pia: katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kikamba ni E55, na kuna makala za kitaalamu zinazokitaja kwa msimbo huo.

Kipande cha pili ni "athari". Kwa Kiswahili neno hili ni pana kama anga. Katika taaluma ya ujifunzaji wa lugha ya pili, suala hilohilo limepitia majina kadhaa, na kila jina lina zama zake. Robert Lado alipochapisha kitabu chake mwaka wa 1957, gumzo lilikuwa kulinganisha mifumo ya lugha mbili, na neno la kutafutia ni "contrastive analysis". Pit Corder alipoandika mwaka wa 1967, macho yaligeukia makosa ya mwanafunzi mwenyewe, "error analysis". Mwaka wa 1972 Larry Selinker akaleta "interlanguage", yaani ile lugha ya kati anayoijenga mwanafunzi akiwa safarini kuelekea lugha lengwa. Mwanafunzi anayejua neno moja tu kati ya haya hupata kizazi kimoja tu cha wataalamu. Na tasnifu zetu za Kiswahili nazo hazijakubaliana: huyu anasema uchanganuzi linganuzi, yule uchanganuzi linganishi, huyu anaandika isimujamii kama neno moja, yule kama mawili. Inabidi kujaribu yote.

Kipande cha tatu, "Kaunti ya Machakos", ndicho kinachofunga milango mingi zaidi. Kaunti ni zao la Katiba ya 2010, na serikali zake zilianza kazi mwaka wa 2013. Kila kilichoandikwa kabla ya hapo kinasema wilaya, kwa Kiingereza "Machakos District". Ukiandika "kaunti" umejikata kutoka kwa karibu kila kitu kilichochapishwa katika karne ya 20.

Jina linalohama na mipaka inayohama

Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo majina yanavyozidi kubadilika. Mji wa Machakos umepata jina lake kutokana na Masaku, na nyaraka za Waingereza za miaka ya 1890 huliandika "Machako's", kwa kibainishi kabla ya herufi ya mwisho. Mwanzoni mwa ukoloni eneo hili lilikuwa chini ya Mkoa wa Ukamba. Na kabla ya 1920 nchi yenyewe haikuitwa Kenya rasmi. Kitabu kikubwa cha Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, kuhusu mila na maisha ya Wakamba kinaitwa "The Akamba in British East Africa". Mwanafunzi anayetafuta "Kenya" na "Kikamba" katika jina la kitabu hatakipata.

Kiswahili nacho kina mkasa huohuo. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ya mwaka wa 1882 inatumia tahajia ya "Suahili". Wajerumani waliandika "Suaheli", na ndivyo utakavyolipata jina hilo katika kazi za Carl Büttner na Carl Velten, ambao walikusanya maandishi ya Waswahili wenyewe mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Anayechunguza historia ya nathari au ushairi wetu bila kuijua tahajia hii anakosa hazina nzima.

Hata majarida hubadilisha majina. Jarida linaloitwa "Kiswahili", ambalo huchapishwa na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilitokana na taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1930. Kwa nyakati tofauti limejulikana kama "Bulletin", kisha "Journal of the East African Swahili Committee", kisha "Swahili", na hatimaye "Kiswahili". Katalogi inaweza kuliorodhesha kila jina peke yake kana kwamba ni majarida manne yasiyojuana.

Hili la majina lina madhara kwa hoja pia, halikomei kwenye kutafuta tu. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu "More People, Less Erosion", ambacho kimejadiliwa kote duniani. Walidai kwamba idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 hadi 1990, lakini badala ya ardhi kuharibika zaidi, mmomonyoko ulipungua kwa sababu watu walichimba matuta, wakapanda miti na kubadilisha kilimo. Wengine wamewapinga tangu hapo. Lakini angalia: Machakos ya kitabu hicho ni wilaya ya zamani, kabla ya Makueni kutengwa mwaka wa 1992. Mwanafunzi anayenukuu takwimu zake kama za Kaunti ya Machakos ya leo ameshakosea kabla hajaanza kuchanganua.

Kiingereza kinapokwama

Msomaji anaweza kudhani kwamba nasaha yangu ni moja: tafsiri kila kitu kwa Kiingereza. La hasha. Kuna milango ambayo Kiingereza hakiifungui.

Mkulima wa Machakos anapochimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, anafanya kile ambacho wenyewe huita fanya juu. Akiutupa upande wa chini, ni fanya chini. Maneno haya mawili ya Kiswahili cha shambani yameingia katika fasihi ya kimataifa ya hifadhi ya udongo jinsi yalivyo, bila kutafsiriwa. Andika "fanya juu" katika hifadhidata yoyote kubwa ya makala za kilimo uone: watafiti kutoka mataifa mbalimbali wanalitumia. Ukiandika maelezo marefu ya Kiingereza kuhusu matuta ya udongo, utapata maelfu ya makala kuhusu sehemu nyingine za dunia, na Machakos yako itazama humo.

Vivyo hivyo kwa "mwethya", kile kikundi cha Kikamba cha kusaidiana kazi, ambacho kilichangia pakubwa uchimbaji wa matuta hayo. Wanahistoria na wanasosholojia hulitumia neno hilo la Kikamba lenyewe. Wengine huliandika "mwethia". Mwanafunzi aliyelisikia neno hili kwa nyanya yake ana ufunguo ambao profesa wa ng'ambo alilazimika kuutafuta kwa safari ya ndege. Kumbe lugha ya nyumbani ni nyenzo ya utafiti, ila hatujazoea kuileta maktabani.

Kutoka neno hadi rafu

Ukishapata kitabu katika katalogi, nambari iliyobandikwa mgongoni mwake ndiyo itakayokufikisha kwenye rafu, na inafaa kuielewa badala ya kuinakili tu. Katika utaratibu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kimetengewa PL8701 hadi PL8704, na fasihi ya Kiswahili iko katika PL8704. Historia ya Kenya iko kuanzia DT433.5. Katika maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392. Ukiujua mtaa, waweza kutembea rafuni na kusoma migongo ya vitabu; mara nyingi kitabu utakachokitumia sana ni jirani wa kile ulichokifuata.

Ila tahadhari: mwandishi mmoja anaweza kuwa na nyumba mbili. Riwaya za Ngũgĩ wa Thiong'o alizoziandika kwa Kiingereza ziko katika PR, pamoja na fasihi nyingine ya Kiingereza, ilhali zile za Gĩkũyũ ziko katika PL. Anayechunguza tafsiri ni lazima azunguke pande zote mbili za jengo.

Baada ya kukipata kitabu kimoja kizuri, kiache kikuelekeze. Soma orodha yake ya marejeleo, hiyo ni njia ya kurudi nyuma. Ukifuata mjadala wa mmomonyoko wa udongo Machakos, hutakosa kufika kwa ripoti ya Colin Maher ya mwaka wa 1937, na kwa kitabu cha J. Forbes Munro cha mwaka wa 1975 kuhusu utawala wa kikoloni na Wakamba. Humo utakutana na maneno mapya ya kutafutia. Kwa mfano, amri ya kupunguza mifugo iliyowafanya Wakamba waandamane hadi Nairobi mwaka wa 1938 wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu, huitwa na nyaraka za wakati ule "destocking". Nalo shirika lao ni "Ukamba Members Association". Ukiwa na maneno hayo, waweza kwenda katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi, pale karibu na sanamu ya Tom Mboya, ukaomba mafaili ya mkuu wa wilaya yenye alama ya DC/MKS, yaani Machakos. Huo ni umbali wa kilomita 60 na ushei, nauli ya matatu tu.

Njia ya pili ni ya kwenda mbele: uliza ni nani aliyekinukuu kitabu hicho baada ya kuchapishwa. Google Scholar huonyesha hilo bila malipo. Hapo ndipo utakapowapata wapinzani wa Tiffen na wenzake, na mradi wako utaacha kuwa muhtasari wa kitabu kimoja.

Nyenzo zilizolipiwa lakini hazitumiwi

Vyuo vikuu vingi vya Kenya ni wanachama wa KLISC, muungano wa maktaba ulioanza mwaka wa 2003 ili wanachama wachangie pamoja gharama ya majarida ya kielektroniki ambayo chuo kimoja kisingeimudu. Kwa hiyo mwanafunzi anapokutana na makala inayodai dola 40, asikimbilie kukata tamaa. Aingie kupitia tovuti ya maktaba ya chuo chake. Huenda makala ileile imeshalipiwa. Aulize pia utaratibu wa kuingia akiwa nje ya chuo, kwa nywila ya maktaba.

Kuna na zisizohitaji malipo kabisa. Jarida la "Swahili Forum", lililoanza Ujerumani mwaka wa 1994, husomwa bure mtandaoni na huchapisha makala za Kiswahili pia. Hazina za kidijitali za vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta zina tasnifu nyingi za uzamili na uzamifu, baadhi zikiwa za Kiswahili. Usiishie kwenye ikisiri. Sura ya pili ya tasnifu nzuri ni ramani ya yale yaliyokwisha kuandikwa.

Ndani ya visanduku vya kutafutia, mbinu chache zatosha. Weka maneno mawili au matatu, usiandike sentensi. Funga msamiati wa pamoja kwa alama za kunukuu ili usitenganishwe. Unganisha majina mbadala kwa OR, kama vile Kikamba OR Kamba OR Akamba, na uunganishe dhana tofauti kwa AND. Kisha uwe na daftari, uandike kila neno ulilojaribu na kilichopatikana. Orodha hiyo itakuokoa usirudie kazi ileile, na msimamizi wako atakapouliza ulitafuta vipi utakuwa na jibu.

Zaidi ya yote, mwendee mkutubi. Kuuliza si ujinga. Ila usimwambie "nataka kitabu cha isimu". Mwambie swali lako la utafiti na umwonyeshe maneno uliyokwisha kujaribu. Wengi wa wakutubi wa vyuo vikuu wamesomea kazi hii kwa miaka na hutumiwa kama walinzi wa mlangoni.

Kuhusu akili unde, neno moja. ChatGPT na wenziwe wanaweza kukusaidia kupata majina mbadala ya dhana, na hilo ni jambo la manufaa. Lakini programu hizi hutunga marejeleo: jina la mtaalamu wa kweli, jarida la kweli, na makala isiyowahi kuandikwa. Sheria iwe nyepesi: rejeleo lisilopatikana katika katalogi, katika hifadhidata wala katika tovuti ya jarida lenyewe halitiwi katika mradi.

Tuwaachie wajao jina

Kuna upande mwingine wa suala hili, na huu unatuhusu sisi tunaoandika na kusimamia kazi za Kiswahili. Tasnifu nyingi za Kiswahili hupakiwa katika hazina za kidijitali zikiwa na jina la Kiswahili tu, au na maneno muhimu mawili yaliyoandikwa kwa haraka. Mwanafunzi wa Iringa au Leipzig anayetafuta "Kamba language" hatazifikia. Na kazi iliyopakiwa kwa maneno ya Kiingereza pekee haitamfikia mwanafunzi wa Wamunyu anayetafuta kwa Kiswahili.

Dawa yake haigharimu shilingi. Kila mradi na kila tasnifu iwe na ikisiri kwa lugha zote mbili. Maneno muhimu yawe matano au sita kwa kila lugha, na jina la lugha au jamii liandikwe kwa sura zake zote: Kikamba, Kamba, Akamba. Mahali patajwe kwa jina la sasa na la zamani. Vyama vya Kiswahili navyo vikubaliane kuhusu istilahi angalau za msingi, ili isimujamii isiwe na nyumba mbili katika rafu moja.

Mwanafunzi wa Machakos anayekosa marejeleo leo, akasema mada yake haijawahi kuandikwa, huandika upya yale yaliyokwisha kusemwa na wengine, tena kwa ubora hafifu. Halafu kazi yake nayo hufichwa na jina baya, na wa mwaka ujao huanzia sufuri. Hivyo ndivyo taaluma inavyoweza kuzunguka palepale kwa miaka ishirini bila yeyote kuwa mvivu. Msimamizi anaweza kuukata mzunguko huo kwa swali moja, kabla hajakubali kwamba mada haina marejeleo: "Ulitafuta kwa maneno yapi?"